Muuaji Asitajwe

Dutwa, Bariadi
19 Machi 2024

Mdogo wangu Matilda,

Mwadila? Huku kwetu mhola, salama tu, tunapumua. Mvua ni nyingi mpaka pamba ya bondeni imesimama ndani ya maji. Binti yetu Lucy amejifungua huko Lamadi, mtoto wa kiume, kilo nne kasoro, wamempa jina la babu. Yule mbuzi wa pembe moja bado anakula nguo za watu kwenye kamba. Shemeji Ferdinand hajambo? Natumaini michembe ya viazi vitamu aliyokutumia wifi yako Georgina ilifika. Alhamisi asubuhi alikwenda stendi mwenyewe kuikabidhi kwa kondakta, na mvua ile, mpaka nikamwonea huruma.

Utashangaa kuona barua ya karatasi wakati simu zipo. Usipige. Simu yangu na ya Georgina nimezizima, nikazifukia ndani ya debe la mtama. Sababu utaielewa ukimaliza kusoma.

Ile tamthilia ya Alhamisi, Mume, Mke na Maiti, unaijua? Imetoka Ulaya, wameitia Kiswahili. Bwana Tibori na mke wake Bibi Ilona wanapeleleza mauaji, na huku wanapeleleza wanagombana nani ameacha taa inawaka. Mimi na wifi yako tumeangalia sehemu arobaini na nane bila kukosa hata moja, hata siku ya msiba wa jirani tuliaga mapema. Katika ile ya arobaini na nane mwenye kiwanda cha sabuni ameuawa kwenye harusi yake mwenyewe, na wageni kumi na mmoja wote wana visu vya keki mkononi. Bibi Ilona akasimama, akasema, "Muuaji yumo humu ndani." Hapo hapo wakakata, wakasema tukutane wiki ijayo kwa sehemu ya mwisho.

Wiki nzima tulibishana. Mimi nikasema ni mama mkwe. Georgina akasema ni mtunza bustani, kwa sababu mtunza bustani ana viatu visafi. Basi Alhamisi tarehe kumi na nne, saa mbili kasoro dakika tano, nawasha televisheni, inaniandikia: ingiza kadi. Nageuza king'amuzi, tundu ni tupu. Kadi imeibwa, Matilda! Ndani ya nyumba yangu mimi, katibu wa sungusungu, walinzi wa kijiji!

Nimefungua jalada. Mimi ndiye mpelelezi mkuu, wifi yako ni naibu. Simu hazitumiki kwa sababu kwenye sehemu ya ishirini na moja mwizi alijua kila kitu kwa kusikiliza simu. Wewe ni nesi, unajua mambo ya miili na vidole. Alama za vidole zikikaa kwenye king'amuzi chenye vumbi la chokaa, zinadumu siku ngapi? Jibu kwa basi, si kwa njia nyingine.

Kaka yako,
Mayige

Imesomwa na kuhakikiwa na naibu: G.


Manyoni
7 Aprili 2024

Kaka Mayige,

Mwangaluka. Barua yako imenifikia jana tu. Kondakta alipitiliza nayo hadi Morogoro, ikalala huko kwenye ofisi ya mizigo wiki mbili, imerudi na doa la mafuta ya kula. Hongera kwa mjukuu, na umwambie Lucy asimpe maji kabla ya miezi sita, hata mama mkwe wake akisema nini. Huku nasi mvua ipo. Zahanati imejaa malaria, jana nimechoma sindano mpaka mkono umekufa ganzi.

Mfuko wa michembe umefika salama na kila kilichokuwemo. Mwambie wifi nimekiona, nimekiweka mahali pakavu.

Kuhusu kesi yako. Alama za vidole sijui, mimi napima watoto na kusafisha vidonda. Ila nina ushauri wa bure: kadi mpya inapatikana Bariadi mjini asubuhi moja tu, unakwenda na namba ya king'amuzi unapewa. Nunua kadi nyingine, kaka, hizo sehemu hurudiwa kila Jumapili. Angalia mwisho wake, mjue muuaji, mfungue simu tuongee kama watu.

Au kama kuna mtu hapo nyumbani ana sababu ya kutotaka hivyo, basi aniandikie mwenyewe.

Wasalimie wote.
Mdogo wako,
Matilda


Dutwa
16 Aprili 2024

Matilda wangu,

Mwadila sana? Sisi wazima. Maji ya bondeni yamekauka, lakini wadudu wameingia kwenye pamba, tunapulizia kila wiki. Kitovu cha mjukuu kimeanguka. Mbuzi wa pembe moja ni marehemu, nitaeleza. Shemeji Ferdinand anaendeleaje? Safari iliyopita hukujibu.

Kwanza, jambo la kiofisi. Umeandika "na kila kilichokuwemo". Mimi ni mpelelezi, jambo hilo halikunipita. Nikamgeukia naibu nikamuuliza, ulituma nini kingine? Akasema karanga. Nimeridhika. Kumbe zile zangu zimekwisha kwa sababu hiyo! Furahia karanga zako.

Pili, kadi mpya hapana. Wewe ni msomi, unanishangaza. Nikinunua kadi mpya nitakuwa nimemsaidia mwizi. Bwana Tibori alisema kitu kilichoibwa hakinunuliwi, kinatafutwa. Naibu ameniunga mkono kwa nguvu zote, amesema hata mia hatutoi. Mwalimu Hemed alikuja hapa akajitolea kutusimulia mwisho, yeye aliona kwao. Georgina alimfukuza na mwiko wa ugali.

Sasa upelelezi. Tumerudia tukio mara sita. Mimi nakuwa mwizi, Georgina anakuwa king'amuzi. Mara nyingine yeye ndiye mwizi, na anafanya vizuri kuliko mimi, anaingia bila kugusa hata kapu lililo mlangoni. Nikamwambia, mama Lucy, ungekuwa mwizi ungetajirika. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mbuzi alikuwa mtuhumiwa wa kwanza kwa sababu ya historia yake ya kula nguo. Naibu alisema tumsubiri siku tatu, kitu kigumu kitatoka chenyewe. Tukapokezana zamu ya kumfuata nyuma kwa siku tatu. Hakikutoka. Ikabidi tumchinje ili tuhakikishe. Tumboni tulikuta soksi, kifungo na kipande cha daftari la sungusungu nililomsingizia mtemi wetu Luhende kwamba kalipoteza. Kadi hakuna. Nyama tumekula wiki nzima, tukijadili.

Na hapa, dada, nikwambie jambo lililo nje ya jalada. Jioni nikitoka shambani sikai tena kwenye kijiwe cha bao. Narudi nyumbani. Georgina anapukuchua mahindi, mimi nashika daftari, namuuliza, na hili unaonaje? Ananijibu. Jana kanijibu kwa muda mrefu mpaka ugali ukaungua na hakuna aliyelalamika. Sijui kama unanielewa.

Za mwizi ni arobaini. Leo ni siku ya thelathini na tatu, zimebaki saba.

Kaka yako,
Mayige

Imehakikiwa: G. (Wifi, karanga zile usimpe mtu.)


Manyoni
5 Mei 2024

Kaka Mayige,

Mwadila. Safari hii kondakta alikuwa mtu, barua imefika kwa siku tatu, mimi ndiye niliyechelewa kujibu. Tulikuwa na zoezi la chanjo vijijini, nimelala nyumba za watu wiki mbili. Pole kwa mbuzi. Alikuwa na tabia mbaya lakini hakustahili kufa kwa ajili ya tamthilia.

Nimecheka, kaka, kisha nikakaa nikaisoma tena barua yako, hasa pale pa ugali kuungua. Nakuelewa. Zamani barua zako zote zilikuwa na mstari mmoja tu, "nyumbani wazima". Nilikuwa hata sijui kama wifi anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Sasa najua anavyotembea bila kugusa kapu.

Mwambie wifi hivi, neno kwa neno: karanga ni tamu, lakini karanga si kitu cha kukaa nacho mwaka mzima. Mwishowe zinaota ukungu na kumdhuru asiyehusika. Mbuzi ametosha. Asiruhusu aje kudhurika mtu.

Na wewe nakuomba, upelelezi wenu ubaki humo humo jikoni. Usiupeleke kwa sungusungu. Nakujua ukishika daftari.

Mdogo wako,
Matilda


Dutwa
21 Mei 2024

Matilda,

Mwangaluka. Sisi wazima isipokuwa naibu, tumbo linamsumbua, hali chakula vizuri. Pamba tumeanza kuchuma, si mbaya. Mjukuu anacheka. Shemeji Ferdinand nimemuulizia barua mbili sasa, hii ni ya tatu.

Salamu zako za karanga nilimsomea Georgina. Alitoka nje, akakaa kwenye kinu. Nadhani ni lile tumbo.

Siku arobaini zilipita bila mwizi kujitokeza. Georgina akasema labda wizi wa vitu vya umeme una hesabu yake, tuvute subira, hata mwaka. Lakini mpelelezi mkuu ni mimi, na nimempata. Kaa chini kwanza. Ni Marcelo.

Ndiyo, Marcelo huyu huyu wa kibanda cha kuonyesha mpira, mwenye yale mabenchi, tuliyecheza naye utotoni. Kikulacho ki nguoni mwako! Ushahidi ni huu. Moja, ana ving'amuzi viwili, mtu mmoja, ving'amuzi viwili vya nini? Mbili, nilimuuliza tarehe kumi na nne ulikuwa wapi, akasema, "Mayige, ya mwezi gani?" Mtu safi hujua tarehe zake. Tatu, na hili ndilo lililommaliza, nimemsikia kwa masikio yangu akipiga mluzi ule wimbo wa kuanzia tamthilia, na yeye kibandani kwake anaonyesha mpira tu. Ameusikia wapi? Georgina akasema, "Ameusikia kwako, baba Lucy, unaupiga mluzi toka kisimani mpaka mnadani." Nimeandika kwenye jalada: naibu amemtetea mtuhumiwa, ila ni mgonjwa.

Nimelipeleka suala kwa mtemi wetu wa sungusungu, mzee Luhende. Hasikii vizuri, lakini alilisikia neno "wizi" akapiga filimbi. Baraza ni Jumamosi tarehe nane Juni, kwenye ghala la pamba. Marcelo asipoitoa kadi, atatengwa. Sheria unaijua, umekulia hapa: hakuna kumsalimia, hakuna kuteka naye maji kisima kimoja, hakuna kumuuzia hata chumvi, na akifiwa hakuna wa kumchimbia kaburi. Mama yake, bibi Minza, yuko kitandani tangu Pasaka, kwa hiyo hilo la kaburi limemshtua Marcelo. Alikuja hapa juzi, akasimama mlangoni, akasema, "Mayige, mimi hata rangi ya hiyo kadi siijui." Nikamwambia atajieleza barazani.

Sikufurahi kumwona vile. Lakini Bwana Tibori hafurahi pia, na kazi inaendelea. Georgina kaniomba jana nilifunge jalada, tuanze kesi nyingine, kuna bata wa mwinjilisti amepotea. Nikamwambia tukimaliza hii. Akalia. Tumbo baya sana hilo, nipe jina la dawa.

Kaka yako,
Mayige

(Safari hii naibu hakuhakiki. Amelala.)


Manyoni
4 Juni 2024
SOMA PEKE YAKO

Kaka Mayige,

Sina salamu ndefu. Simu zenu nimezipiga siku nne, zimezimwa, laana ya debe la mtama. Barua hii nimemkabidhi dereva mwenyewe mkononi na nimemwapisha.

Marcelo hana hatia. Kadi ninayo mimi. Iko mbele yangu hapa mezani, ya bluu, pembe moja imetafunwa kidogo, nadhani na marehemu mbuzi.

Ilikuja ndani ya michembe, imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Karanga hazikuwepo. Nimekula karanga za uongo miezi miwili kwa sababu niliombwa, na kwa sababu barua zako zilikuwa zinanifurahisha kuliko kitu chochote kinachofika nyumba hii. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Pamoja na kadi kulikuwa na kikaratasi. Nakinakili kama kilivyo:

"Wifi, nifichie hii usimwambie mtu. Leo usiku ni sehemu ya mwisho. Kaka yako akishamjua muuaji tutarudi kule kule, maji yapo bafuni, chakula tayari, basi. Miaka ishirini na sita hajawahi kuniuliza unaonaje, mpaka maiti ya kwanza ilipoanguka. Mimi sitaki kumjua muuaji. Georgina."

Sasa unajua, na huna haja ya dawa ya tumbo. Mwache Marcelo. Kamwombe radhi kabla ya Jumamosi. Na mke wako usimfokee, kaka. Kama una hasira nifokee mimi, niko mbali, sitasikia.

Usiniulize kwa nini nilimwelewa haraka hivyo. Hapa kwangu king'amuzi kipo, kadi ipo, umeme upo.

Matilda


Dutwa
25 Juni 2024

Matilda, mdogo wangu,

Mwangaluka. Mama Lucy mzima, mimi mzima, mjukuu ameota jino mapema, pamba tumeuza. Nimekaa siku nyingi bila kukuandikia kwa sababu ya aibu. Sasa aibu imepungua, nakueleza.

Barua yako ilifika Jumamosi yenyewe. Baraza limekwisha kuanza. Watu wamejaa ghalani, wengine wamekaa juu ya marobota, Marcelo kwenye kigoda katikati, kofia mkononi. Mimi nimesimama na daftari. Ndipo utingo wa basi akaingia akipiga kelele, "Katibu! Barua ya haraka!" Nikaiona bahasha, soma peke yako. Ningekuwa na akili ningetoka nje. Lakini Bibi Ilona alisema kwenye sehemu ya tisa kwamba barua iliyoandikwa hivyo ndiyo inayosomwa mbele za watu. Nikatangaza: kielelezo namba kumi na mbili. Nikafungua, nikasoma kwa sauti ya baraza.

Nilisoma mpaka "kadi ninayo mimi" watu wakaguna. Nikasoma mpaka karanga. Ningeweza kuacha hapo, dada, lakini mdomo ulikuwa umeshika kasi. Nikakisoma na kile kikaratasi, chote, hadi jina. Nikainua macho.  Mzee Luhende akasema, "Rudia, sijasikia." Nikarudia! Ee Mungu wangu, nikakirudia chote, kwa sauti kubwa zaidi.

Georgina alikuwa upande wa wanawake. Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Nimeiba mimi. Andika, katibu." Nikaandika. Mpaka leo mstari ule hausomeki.

Luhende akasema sheria ni sheria, wizi ni wizi, hata wa kadi yako mwenyewe. Ametengwa mwezi mmoja, kuanzia saa ile. Hakuna kumsalimia, hakuna kuteka naye maji, hakuna kumuuzia chumvi. Mwinjilisti akauliza, na mume je? Wakashauriana, wakasema mume anaruhusiwa kuzungumza naye, maana lazima awepo mtu wa kumwambia ng'ombe wakiingia kwenye mahindi. Kwa hiyo, Matilda, kwa amri ya baraza, mimi ndiye mtu pekee Dutwa nzima niliyeruhusiwa kuongea na mke wangu.

Siku mbili sikuongea. Nilikuwa na hasira, sitakuficha. Kijiji kizima kinajua kwamba sijawahi kumuuliza mke wangu unaonaje. Kisimani watu wakinipita wananiuliza, "Katibu, unaonaje?" wanacheka. Siku ya tatu akaniwekea ugali, akakaa kwenye kigoda chake upande wa pili. Nje hakuna wa kumsalimia, ndani niko mimi. Nikaona anaangalia mlango. Moyo uliniuma kweli.  Miaka ishirini na sita, na sikuwa na sentensi hata moja isiyo na maiti ndani yake.

Mwishowe nikauliza lile lililonisumbua kama mpelelezi. Nikamwambia, "Mdomo wa ule mfuko wa michembe nilikuwa nimeushona mwenyewe Jumatano jioni. Uliufunguaje nisijue?" Akaniangalia. Akainuka, akaleta sindano ya magunia na mfuko mtupu, akanionyesha. Alifumua upande wa chini, dada! Nani anaangalia upande wa chini? Alishona kwa mshono wangu mwenyewe, hata lile fundo langu baya aliliiga. Nilipiga makofi. Tukaongea mpaka debe zima la mahindi likaisha kupukuchuliwa, kisha nikamwambia, "Na huyu Marcelo, nitamwangaliaje usoni? Wewe unaonaje?"  Akasema, "Nenda na jogoo. Nenda wewe mwenyewe. Na daftari uliache hapa."

Nilikwenda. Marcelo alimpokea jogoo, mimi hakunipokea. Akasema nitapokelewa nikishatangaza Jumamosi tatu kibandani kwake, kabla ya mpira, mbele ya mabenchi yote, kwamba yeye si mwizi. Nimetangaza Jumamosi mbili mfululizo na bado moja. Bibi Minza amepata nafuu. Amesema yeye ni mgonjwa, sheria za sungusungu hazimhusu, na kila asubuhi anamsalimia Georgina kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Adhabu inaisha tarehe nane Julai. Nimemwomba Luhende aongeze wiki mbili. Akaniambia, "Ajabu, mkeo naye katuma ombi hilo hilo."

Kadi usiirudishe. Na kama umeangalia mwisho, ninakuomba kwa jina la mama yetu, muuaji usimtaje. Georgina bado anasema mtunza bustani. Amenipa sababu mpya mbili, moja nzito.

Sasa zamu yako. Barua tatu nimekuuliza Ferdinand hajambo, na hukujibu hata moja. Hapo mwisho umeandika king'amuzi kipo, kadi ipo, umeme upo. Mtu akiorodhesha vilivyopo hivyo, kuna kisichokuwepo. Aliyeligundua si mimi, ni naibu. Simu tumezifukua. Lakini tuandikie.

Kaka yako,
Mayige

Imehakikiwa: Georgina. (Wifi, nisamehe kukubebesha.)


Manyoni
14 Julai 2024

Kaka Mayige na wifi Georgina,

Mwadila nyote wawili. Nimeisoma barua yenu nikiwa zamu, wagonjwa wakadhani nimefiwa, kumbe nacheka huku nalia. Wifi, hakuna cha kusamehe. Wabeja gete, asante sana.

Mmeniuliza Ferdinand. Hajambo. Anakwenda kazini stesheni asubuhi, anarudi jioni, anakula, anasoma gazeti, analala. Hajanipiga, hajanitukana, hana mwanamke mwingine, ningejua, Manyoni ni ndogo. Huu ni mwaka wa tatu tunaongea habari za gesi na umeme wa Luku tu. Ndiyo maana sikuwa najibu. Ningeandika nini? Hakuna ugonjwa wa kutaja jina.

Jumatatu iliyopita miwani yake ya kusomea ilipotea. Ilikuwa juu ya redio, akaenda kunawa, akarudi, haipo. Jumanne akapekua kabati. Jumatano akapekua ndoo ya mchele. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nimenyamaza. Alhamisi jioni akaweka gazeti chini, akavuta kiti cha pili, akakipangusa kwa mkono wake, akasema, "Matilda, hebu kaa hapa. Hili jambo si la kawaida. Wewe unaonaje?"

Nikakaa, kaka. Maji ya vyombo yalipoa kwenye beseni.

Mpaka sasa tuna mtuhumiwa mmoja, paka. Ferdinand alitaka kumtaja jirani, nimekataa, nimemsimulia habari za Marcelo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akauliza maswali mengi. Paka hatengwi wala hachinjwi. Kesho tunarudia tukio, mimi nitakuwa redio.

Nawatumia gunia la vitunguu kwa basi la kesho. Wifi, ukilipokea usifungue mdomo wake, fumua upande wa chini. Utakuta soksi, na ndani ya soksi kuna kitu. Kifukie kwenye debe la mtama, mahali simu zilipokuwa. Kaka, wewe hujaona kitu.

Muuaji simtaji. Na simu yangu nimeizima, msipige.

Mdogo wenu,
Matilda